Gari Lililotembea Kama Kaa

Gurudumu la nyuma la kulia lilipokosa ardhi, Daktari Thayne Jorgensen alikuwa katikati ya sentensi.

"Sasa tazama, shemeji. Ya mbele yanakwenda kushoto, ya nyuma yanakwenda kulia, gari zima linajikunja kama..."

Kama nini, hakuna aliyepata kujua. Pikapu ilianguka kitako. Kishindo kilipanda kutoka chini ya viti, pua ya gari ikainuka kuelekea mbinguni kwa heshima zote, na kwenye dirisha la kulia, mahali palipokuwa na barabara, pakaonekana korongo.

Kwenye kiti cha nyuma, Verl Bagley alishusha pumzi taratibu.

"Endelea, shemeji," alisema. "Linajikunja kama nini?"

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Agosti, yaani siku ya mfungo. Tangu jioni ya Jumamosi hakuna Mmormoni mwenye haya kusini mwa Utah, Marekani, aliyekuwa ameonja chakula wala maji, na kwa kuwa watoto wachanga hubarikiwa siku hiyo hiyo, mjukuu wa kwanza wa Thayne alikuwa anamngoja babu yake huko Shilom, ng'ambo ya korongo. Barabara ya lami huzunguka mbali. Lakini Thayne, daktari wa meno mstaafu, alikuwa amenunua pikapu ya kifahari ambayo magurudumu yake yote manne hukata kona, na mtu mwenye kitu kama hicho hazunguki. Aliteremkia barabara ya zamani ya wachimba madini, iliyochongwa ubavuni mwa mwamba, mkewe Nedra akiwa kando yake na kaka wa mkewe nyuma. Wote walivaa nguo za kanisani.

Verl, mfugaji, alikuwa amebisha tangu wanatoka. Magurudumu ya nyuma yanayogeuka yalikuwa na faida gani? Punda wake alikuwa na miguu minne, yote inageuka, na hakuna aliyemtoza ziada. Thayne alijibu kwamba atamwonyesha kwenye Pua ya Nyumbu, pale mwamba unapojitokeza barabarani na gari refu haliwezi kupinda bila kurudi nyuma mara kadhaa. Akamwonyesha. Pikapu ilipinda kwa mkupuo mmoja, kweli kabisa. Ila magurudumu ya nyuma yakikatwa kulia, mkia nao huenda kulia kabla ya kufuata, na kulia hapakuwa na kitu.

"Tokeni kushoto," Nedra alisema. "Polepole. Thayne, wewe wa mwisho."

Wakatoka mmoja mmoja. Thayne alijikokota juu ya kiti chake, na kitufe cha ufunguo uliokuwa kwenye mfuko wake wa nyuma kikabonyezwa. Kengele tamu ikalia. Mlango wa nyuma wa pikapu ukajifungua wenyewe, bila haraka, kama mhudumu wa hoteli, na sanduku la barafu likateleza, likapita juu yake, likaenda. Walilisikia likigonga mara mbili, kisha changarawe zikimiminika, kisha kimya.

"Na mlango unajifungua wenyewe," Verl alisema. "Hongera."

Maji yote yalikuwa ndani ya sanduku lile, pamoja na chakula cha kufungulia. Simu haikushika mtandao. Jua lilikuwa utosini, na mwamba mwekundu ulirudisha joto usoni kama mlango wa tanuri.

Walikaa kwenye kivuli chembamba cha pua ya mwamba. Nedra alimtazama kaka yake. Yeye na Thayne walikuwa wamekauka, midomo imeanza kunata, lakini shati la Verl lilikuwa limelowa chepechepe, na vidole vyake vilicheza juu ya goti.

"Kaka, asubuhi umekula?"

"Leo mfungo."

"Daktari wako si alikukataza kufunga? Na sindano ya sukari?"

"Nimechoma."

"Umechoma sindano, halafu hujala!"

"Nimefunga tangu nina miaka minane," Verl alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi, jambo la aibu kwa mtu ambaye hajawahi kuonja hata kahawa. "Siwezi kuacha kwa sababu ya kidaktari cha juzi."

Sukari ilikuwa inashuka mwilini mwake, na kila kitu kitamu walichokuwa nacho kilikuwa chini ya korongo. Nedra hakubishana tena. Alifunga mkanda wa kuvutia magari kwenye ndoano ya mbele ya pikapu, akauzungusha kiunoni juu ya gauni la maua, akamwambia mumewe, "Shika. Na usinieleze kitu."

Alishuka kinyumenyume. Changarawe zilikimbia chini ya viatu vyake vya kanisani, jiwe moja likamchana goti, lingine likamchoma kiganja kwa joto. Alikuta sanduku limepasukia kwenye shina la mreteni. Viazi vya jibini vilikuwa vimeshapata wenyewe, nao ni sisimizi. Chupa za maji zilikuwa zimepasuka, ikabaki moja. Na bakuli la plastiki lenye kifuniko halikuwa hata na mkwaruzo. Ndani yake kulikuwa na jeli tamu ya kijani yenye karoti zilizokwaruzwa, ile ambayo Nedra huipeleka kwenye kila harusi na kila msiba, na ambayo Verl alikuwa ameikataa maisha yake yote.

Aliporudi juu, jeli ilikuwa imeyeyuka ikawa sharubati. Verl alikuwa ameegemea mwamba, macho yako mbali.

"Kunywa."

"Ina karoti?"

"Ina karoti."

"Basi niache nife kiungwana."

"Verl Bagley, fungua mdomo!"

Alifungua. Alikunywa kidogo kidogo, nyingine ikimiminika kwenye tai yake, karoti zikimganda kidevuni. Nedra alimshikilia kichwa na kungoja. Kivuli kikasogea. Hatimaye Verl akapepesa macho, akalitazama gari, akamtazama Thayne, akasema, "Shemeji, umetuleta huku kung'oa meno ya mlima?"

Nedra akafuta machozi kwa mkono wenye vumbi. Sentensi ilikuwa kamili, na ulimi mwepesi.

Lakini jeli ingemshikilia kwa muda tu. Verl hakuweza kusimama, hawakuweza kumbeba katika kupanda kule, na barabara ile hupitwa zaidi na mbuzi wa milimani kuliko watu. Ilibidi gari litoke.

Chini ya gurudumu lililoning'inia kulikuwa na kibaraza cha mwamba. Thayne na Nedra wakaanza kukijaza mawe. Walibeba, wakapanga, wakarudi, wakabeba. Mikono ya Thayne, iliyozoea koleo ndogo na vinywa vya watu, ikachunika ikatoka damu. Tai aliifunga kichwani. Walipokezana chupa moja, kila mmoja akijifanya amekunywa, kisha wakampelekea Verl. Rundo lilipogusa gurudumu, waliinua gari kwa jeki, wakasukumia mawe mengine bapa, wakashusha jeki. Rundo likalia, likakaa.

"Lizime hilo dude la magurudumu ya nyuma," Verl alisema kutoka kivulini. "Liwe gari la kawaida, utoke."

Thayne alichuchumaa akatazama. Kwa mara ya kwanza tangu anunue gari lile, hakutoa hotuba.

"Nikizima," alisema, "gurudumu la nyuma litatembea ukingoni kabla halijaingia ndani. Mawe yetu hayafiki huko. Nikiliacha lilivyokuwa, mkia utatoka tena."

"Kwa hiyo?"

"Kuna mwendo wa kaa. Yote manne yanaangalia upande mmoja. Litakwenda mshazari, likiingia ndani tangu mwanzo." Akapapasa rangi ya mlango. "Ila litasuguana na mwamba. Ubavu mzima."

"Rangi itachanika," Nedra alisema.

"Itachanika."

"Nilidhani hili gari hata ndege haruhusiwi kulinyea," Verl alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Thayne. Mlango wako uache wazi, ndugu yangu. Likienda, wewe ruka."

"Nikiuacha wazi, mwamba utaubana. Nitafunga."

Aliingia peke yake. Nedra alisimama mbele, mikono juu. Magurudumu yote manne yaligeuka kushoto, taratibu, kama watu wanne wanaoitwa kwa jina moja. Gari likasogea. Mawe yakasagika, moja likachomoka likaanguka, na muda mrefu ukapita kabla halijatua. Mkia ukazama kidogo. Nedra aliendelea kuita kwa mikono. Kisha upande wa kushoto ukagusa mwamba na kupiga kelele ya bati linalochanwa, kioo cha pembeni kikang'oka, mlango ukabonyea, na pikapu ikatambaa kando, inchi kwa inchi, kama kaa anayekimbia sufuria, mpaka gurudumu la nyuma likapanda ukingoni na kusimama barabarani.

Thayne alizima injini, akalaza kichwa kwenye usukani.

Walifika Shilom jua limelala vilimani. Hakuna aliyekuwa ameanza kula. Meza zilikuwa zimefunikwa uani. Maji yalikuja kwanza, kisha muuguzi wa jirani na kipimo chake, akasema Verl ataishi kama atatii. Kimball, mtoto wa Thayne, aliuzunguka ule ubavu uliochanika.

"Baba, gari limefanya nini?"

"Limepita," Thayne alisema.

Kwa ruhusa ya askofu mtoto alibarikiwa hapo hapo uani. Wanaume walisimama duara, kila mmoja akaweka mkono chini yake wakimbembeleza, na Thayne, viganja vyake vimefungwa vitambaa, alitamka jina la mtoto kwa sauti ya mtu aliyekula vumbi. Maneno yake yalikuwa machache. Waliomjua walishangaa.

Verl alitazama akiwa kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mlango wa kulia wazi. Nedra alimletea sahani kabla ya wengine. Katikati kulikuwa na kipande cha jeli ya kijani, kilichoganda vizuri. Alikitazama, akakikata kwa uma, akala. Akala na karoti.

"Dada, kile kitufe cha kufanya kiti kikande mgongo ni kipi?"

Nedra akabonyeza. Kiti kikaanza kuunguruma. Verl akafumba macho.

"Hiki ndicho cha kununulia gari," alisema.

"Na yale magurudumu?"

Alisikiliza mpaka sala ya uani ikaisha na watu wakaanza kufunua vyakula.

"Yale," alisema, "shemeji akija kuniuliza, mwambie nimelala."