Gauni la Kijani

Jumatatu asubuhi sanamu lilikuwa limenenepa. Mafundi wote waliliona na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyelishindilia vitambaa zaidi.

Lilikuwa sanamu la kujaribishia nguo, kiwiliwili kitupu kisicho na kichwa wala mikono, limesimama juu ya mguu wa chuma kwenye kona ya karakana ya sare za shule. Zamani lilivaa mashati. Sasa lilivaa gauni pana la kijani, na gauni hilo lilikuwa la Kola.

Kola ndilo jina alilopewa kazini, maana kazi yake ilikuwa kushona kola tu, na hakuna aliyezishona zikalala vizuri kama zake. Zamani walimwita Bonge. Alifika mahali daktari akamwambia wazi kwamba moyo wake umechoka, na kwamba akiendelea hivyo hatamwona bintiye akimaliza shule. Alikuwa ameshajinyima chakula, ameshatembea, ameshakunywa kila kitu kichungu alichoelekezwa na majirani. Mwisho akaenda hospitali, akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Aliporudi kazini mwili ulikuwa unapungua, naye akawa anapunguza magauni yake mwenyewe wakati wa mapumziko. Lile la kijani lilimshinda, kitambaa kilikuwa kingi mno. Akalitupa kwenye kapu la mabaki.

Aliyelitoa kapuni ni wifi yake. Alikuwa dada wa mumewe na mkataji wa karakana, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa mkasi na mdomo mwepesi zaidi. Alilivika sanamu lile gauni, akalijaza mabaki ya vitambaa mpaka likafura, kisha akalifunga kiunoni mkanda wa kijani wa gauni lenyewe na kulikaza fundo kwa meno.

"Karibuni jamani, Bonge wetu halisi huyu hapa," alisema. "Huyu hakukimbilia kisu cha daktari."

Watu walicheka. Kola naye alicheka, kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. Hayakuisha. Saa ya chakula alikunywa supu yake kwa kijiko cha mtoto, taratibu, kama alivyoagizwa, na macho yote yakawa juu ya kile kijiko. Fundi wa vifungo, kijana mpenda mizaha, akainuka na tonge la wali, akalitumbukiza kwenye tundu la shingo ya sanamu. "Kula, mama," alisema, "wewe bado una tumbo." Ikawa ndiyo desturi. Kila aliyemaliza kula alipita kwenye kona ile, akadondosha tonge na neno. Mvivu wa mazoezi. Mwili wa kununua. Wifi mtu ndiye aliyekuwa fundi wao wote. "Njia ya mkato hiyo," alisema kila siku, huku akisukuma chakula kwa kidole chake mpaka ndani. "Mungu alikupa tumbo zima, wewe ukamrudishia kipande."

Watu wazima, wenye watoto nyumbani, wanalisha mdoli ili kumsuta mgonjwa. Inatia kinyaa kuisimulia, na bado hatujafika kwenye kinyaa chenyewe.

Jambo lililopaswa kuwashtua ni kwamba chakula kile hakikuoza. Hakuna panya aliyekuja, hakuna nzi. Ulikuwa ukichungulia shingoni unakuta vitambaa tu, vimelowa kidogo, kama vimelambwa.

Siku moja Kola alikunywa vijiko vichache vya supu, akasikia tumbo limejaa ghafla mpaka kooni. Alikimbilia sinki la nyuma. Kilichotoka hakikuwa supu. Ulitoka wali uliotafunwa, ngozi ya samaki, karanga zilizosagwa na meno ya mtu mwingine, na mwisho nyuzi, nyuzi ndefu za kijani zenye utelezi, alizozivuta kwa vidole huku machozi yakimtoka. Ngozi ile ya samaki aliitambua. Alikuwa amemwona wifi yake akiisukuma kwenye shingo ya sanamu muda mfupi uliopita.

Alijiegemeza ukutani. Alikuwa mshonaji, alijua mshono ukishindiliwa unafanyaje. Huu wake ulikuwa ndani ya tumbo, bado mbichi, na daktari alimwonya kwamba ukipasuka anaweza kufa kabla hajafikishwa hospitali.

Alimfuata wifi yake kwenye meza ya kukatia.

"Wifi, nakuomba," alinong'ona. "Usiliwekee tena chakula lile sanamu. Mnachokiweka mle kinaingia kwangu."

"Umekula kwa siri sasa unatafuta wa kumsingizia."

"Nimetapika samaki, wifi. Mimi sijala samaki tangu nitoke hospitali."

"Kha! Ungekuwa na adabu ya kufunga mdomo tangu mwanzo, usingekatwa." Alisema hivyo bila kuinua macho kwenye kitambaa, kisha akachukua kipande cha mkate kilichobaki kwenye bakuli lake, akaenda kwenye kona, akakisukuma ndani taratibu, huku akimtazama Kola usoni.

Mchana ule umeme ulikatika. Cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja, na katika ule ukimya ndipo walipousikia mngurumo, mngurumo wa tumbo lenye njaa, mnene, wa majimaji, ukitoka kwenye kona. Msimamizi, mzee mwenye miwani minene, aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani huyo?" Kisha sanamu likacheua. Lilicheua kwa kuvuta, kama mtu aliyeshiba kwenye sherehe ya watu, na uvundo wa siku zote ambazo chakula hakikuoza ukatoka kwa mara moja, uvundo wa samaki na maziwa yaliyoganda na jasho la kitambaa kilichofungiwa, ukawaingia puani na mdomoni mpaka wakahisi wanautafuna, na juu ya uvundo ule ikaja sauti, sauti ya wifi, ileile yenye kuvuta maneno, ikisema, "Njia ya mkato hiyo," ilhali wifi mwenyewe alikuwa amesimama kwenye meza yake mkasi mkononi na midomo ameibana, na kabla mtu hajapata nguvu ya kukimbia, mshono wa ubavuni wa lile gauni ukaanza kuachia, uzi baada ya uzi, na ndani yake vitambaa vilionekana vimeshikana vikawa kitu kimoja, chekundu kwa unyevu, kinachopanda na kushuka, na funza wakitoka humo mmojammoja na kudondoka sakafuni.

Kola alianguka akiwa amekumbatia tumbo lake. "Linapasuka," alilia. "Jamani, linanipasua mimi!"

Walimbeba nje. Huko maumivu yalitulia, na hospitali wakamwambia mshono umeshika, ila safari hii tu. Asubuhi iliyofuata, Kola akiwa amerudi karakana, msimamizi akamleta mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu safi na mkoba kama wa karani. Alisimama mlangoni, akavuta hewa, akatema mate.

"Nani analilisha?"

Mafundi wakatazamana.

"Nimeuliza nani analilisha. Harufu hii ni ya mikono mingi."

"Sote," alisema msimamizi, macho chini.

Mganga alifungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Hapa sina dawa ya kuchoma. Jini hili halikutumwa na mtu, mmelikaribisha wenyewe. Mmelipa mwili, mmelipa chakula, mmelipa na maneno ya kusema. Haliwezi kuondoka na mali zenu. Kila mmoja amwambie huyu mama, usoni kwake, neno alilolilisha jini hili, kisha amsikilize mpaka amalize kujibu. Mtu asimkatize."

Fundi wa vifungo alitangulia. Uso ulikuwa umempauka. "Dada, nilisema... nilisema wewe ni mvivu wa mazoezi."

Kola alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono juu ya tumbo. Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Mwaka mzima nilikuja hapa kwa miguu," alisema. "Ulikuwa unanipita na baiskeli yako kila asubuhi, unapiga kengele, unanisalimia. Ulidhani nakwenda wapi?"

Kijana akaziba uso. Kwenye kona sanamu lilipiga kwikwi, likatema tope la wali mpaka kifuani.

"Mimi nilisema mwili wa kununua," alisema msimamizi.

"Ndiyo, niliununua. Na hiyo miwani yako, mzee, uliiokota?"

Kama si hofu, watu wangecheka. Sanamu lilitapika tena, na tumbo lake likanywea. Wakaja mmoja baada ya mwingine, na Kola akawajibu wote, sauti ikizidi kukaza, hasira ya miezi ikimtoka kwa utulivu ambao yeye mwenyewe hakuujua. Kila alipojibu, alihisi tumbo lake linapata nafasi. Alikuwa na hamu ya kulia kwa raha.

Akabaki wifi.

"Mimi sina cha kurudisha," alisema, mikono kiunoni. "Nilichosema ni kweli. Ukweli ni wangu, siukani."

"Nirudishie tu hilo neno, wifi. Nikujibu, tuondoke wote tukiwa wazima."

"Sirudishi."

Mganga alimgeukia. "Umesikia ulichosema, mama? Umesema ni chako."

"Ndiyo, changu!"

Sanamu likaporomoka. Vitambaa vilimwagika sakafuni na kila kilichokuwa ndani yake, na mafundi wakavizoa kwa koleo huku wakitapika, wakavichoma uani pamoja na gauni. Mganga alipekua majivu kwa kijiti. Akauliza kama gauni lile lilikuwa na mkanda. Waliutafuta kila mahali, hawakuuona.

Kola alipona vizuri. Supu ikawa uji, uji ukawa chakula laini, na hakuna aliyekikodolea macho kijiko chake tena. Wifi ndiye aliyeanza kula. Alikula bakuli lake, akala mabaki ya wenzake, akakutwa nyuma ya karakana mkono uko ndani ya ndoo ya taka. Tumbo lilimfura, tumbo peke yake, mikono na uso vikibaki mifupa. Watu wakaanza kunong'ona. Fundi wa vifungo alitaka kusema jambo la kuchekesha, Kola akamkata jicho, kijana akarudi kwenye vifungo vyake.

Jioni moja, wengine wakiwa wameondoka, wifi alikuja kwenye cherehani ya Kola ameshikilia gauni lake lililoachia ubavuni.

"Niongezee hapa kidogo, wifi yangu," alisema kwa aibu. "Usiniseme."

"Sikusemi. Simama vizuri nikupime."

Kola alizungusha futi kiunoni. Chini ya mikono yake tumbo lile lilinguruma, kisha sauti ya wifi ikatoka humo ndani, chini kabisa, ikisema, "Njia ya mkato hiyo." Midomo ya wifi haikutikisika. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nataka kulirudisha," alinong'ona. "Lile neno. Nisaidie, linanila."

"Sema basi. Niko hapa, nakusikiliza."

Wifi akafungua mdomo. Neno halikuja. Ilikuja harufu ileile, na nyuma ya ulimi ikachomoza ncha ya kitambaa cha kijani, imelowa, ikiwa na upindo ambao Kola aliutambua kwa sababu aliushona kwa mkono wake. Kinyaa kilimpanda mpaka nywele zikamsimama, lakini hakumwacha. Aliishika ncha ile kwa vidole viwili, akavuta. Mkanda ukaja kidogo, ukaja tena kidogo, wenye utelezi na joto.

Kisha upande wa pili, humo ndani, kitu kikaushika mkanda na kuuvuta kurudi.