Mume wa Kwenye Fomu

Nigar alimkanyaga Zahir kwenye msukumano wa dirisha la dawa, hospitalini Lucknow, asubuhi ya ukungu.

"Dada, mguu huo wangu!"

"Basi uwe unautunza."

Wakacheka. Zahir, sweta limetoboka kiwiko, alisimamia makazi ya wasio na kwao. Nigar, shali ya kijani begani, ndiye aliyepanga wagonjwa wanaoruhusiwa waende wapi. Wakaanza kupigiana simu: mwanzo za vitanda, kisha za chochote.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Na ukome kuniita malkia mbele ya manesi!"

Jumanne moja Nigar akafungua faili la Mehrunisa, mwanamke aliyelala chini ya daraja, sasa ana vyuma mguuni na adhuhuri anatakiwa aondoke. Pale mgonjwa hatoki mpaka ndugu asaini. Kwenye fomu ya mwaka jana, kabla Nigar hajahamia hapo, palisomeka: mume, Zahir Ansari. Saini ni ile ile ya Zahir anayoijua.

Ebo! Mke yuko darajani, yeye anatafuta malkia? Zahir akampigia mara tano, Nigar hakupokea. Aliumia, lakini kosa si la mgonjwa.

"Hurudi darajani na kidonda hicho," alimwapia Mehrunisa.

Akapiga makazi saba. Yote yamejaa, au ni ya kupanda ngazi. Kitanda cha chini kilibaki kwa Zahir tu. Akameza hasira, akampigia.

"Njoo umchukue mkeo."

"Mke gani tena?"

Alifika anahema. Mehrunisa akaangua kicheko kitandani. "Mume wangu alishakufa, dada! Mwaka jana walinizuia kutoka kwa kukosa ndugu, huyu akasaini. Kwenye fomu za humu ana wake kumi na mmoja na mama sita!"

Nigar aliona aibu, kisha akamgeukia Zahir. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Ni uongo, na wewe huupendi."

"Siupendi. Leo unakoma."

Kwenye fomu akafuta neno "ndugu", akaandika "makazi", akasimama mlangoni kwa daktari mkuu, hang'oki, mpaka daktari akasaini.

Getini, Zahir akisukuma kiti cha Mehrunisa, akasema taratibu, "Sasa sina mke hata wa karatasi. Nakutaka wewe, Nigar, wa kweli."

Machozi yakamlenga Nigar. "Njoo Ijumaa kwa baba. Uje na ndugu zako, baba hapokei posa ya mtu peke yake."

Zahir akainama. Alikulia stesheni, hakuwa na mtu.

"Nani kasema hana?" Mehrunisa akang'aka. "Ijumaa nakuja kuposa mimi, dada yake. Nitafutieni magongo."