Siagi ya Asali kwa Mama Mzazi

Nyumbani kwa Sadia, katika mtaa mmoja wa Isiolo, furaha ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Ikra, mke wa mwanawe Waqo, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Walikuwa wamemngoja kwa miaka mingi. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona, na midomo ya majirani haina kufuli. Sasa mtoto alikuwa amelala chumbani, mnono, na jina lake lilikuwa Abdikadir. Kila alipomtazama, Sadia alisema, "Alhamdulillahi," kisha akasahau alichokuwa akifanya.

Siku hiyo alikuwa akitengeneza siagi ya asali. Asali ilitoka kwa wifi yake Amran, dada ya mumewe, anayekaa Kinna. Maziwa ya ng'ombe aliyanunua sokoni. Ya ngamia ni matamu kwa chai, lakini ukiyatikisa kutafuta siagi, mkono utachoka kabla ya kuiona.

Siagi hiyo ilikuwa ya kumtia nguvu Ikra na kuwakirimu wageni wa kesho. Lakini Sadia alikuwa na hamu ya jambo lingine zaidi. Mbele ya wageni, mtoto angeonjeshwa siagi ya asali kwa ncha ya kidole. Waqo alionjeshwa hivyo alipozaliwa. Hiyo ndiyo njia ya kumshukuru Mungu ambayo Sadia aliijua.

Alitikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ikatoka. Hapo mazoea yakamponza. Wafugaji wa kwao huiyeyusha siagi motoni iwe samli, isiharibike kwa joto. Sadia naye akaiyeyusha, akamimina asali, akakoroga. Ilipopoa, asali ilikuwa chini na samli ilikuwa juu, kama watu waliogombana.

"Ikra! Kuja uone maajabu!"

Ikra alikuja, mtoto begani. Alichungulia sufuria, akacheka.

"Asali imelala chini, mama."

"Imelala? Na vile nimekoroga mpaka bega inauma!"

"Tumwite Mama Kui. Yeye anajua."

Mama Kui ni Magdaline, Mmeru anayekaa nyumba ya pili. Ana kibanda cha chai, na mkate wake wa siagi ya asali huwafanya wateja wajilambe vidole. Tena ni mhudumu wa afya wa mtaa. Hupita nyumba kwa nyumba akiwaangalia akina mama na watoto. Ikra aliposhikwa na uchungu, yeye ndiye aliyetafuta gari, akakaa naye hospitalini hadi mwisho.

"Salaam aleikum, Mama Waqo," alisema Magdaline. Kanisani huenda kila Jumapili, lakini salamu za majirani zake anazijua.

"Aleikum salaam. Karibu, lakini usinicheke."

Magdaline alitazama sufuria. Akacheka.

"Hii haijaharibika. Pikia mahamri. Lakini siagi ikiyeyuka, haishikani na asali. Inatakiwa iwe laini tu, isiwe maji. Na hii maziwa, ulichemsha kwanza?"

"Tangu lini maziwa ya siagi ikachemshwa? Akko zetu walitikisa mbichi!"

"Na hao nyanya zetu wengine waliugua homa na viungo, hawakujua imetoka wapi. Maziwa mbichi inaweza kuleta brusela. Huyu ni mzazi, Mama Waqo. Usimpe hatari kwa kijiko."

Sadia alitaka kubisha. Akamkumbuka Ikra alivyohangaika hospitalini, akatafuta sufuria nyingine.

Yalikuwa yamebaki maziwa mengi. Waliyachemsha jioni hiyo hiyo hadi yakatokota. Yalipopoa, wakayafunika na kuyaweka mahali penye ubaridi. Asubuhi malai mazito yalikuwa yameelea juu. Magdaline aliyachota, akayatia kwenye chupa safi ya mdomo mpana, akaifunga kwa nguvu.

"Sasa tikisa. Wewe ndiye mwenye bega."

Sadia alitikisa. Mwanzoni malai yalicheza ndani ya chupa. Yakawa mazito. Kisha siagi ikajikusanya donge, na maji meupe yakabaki pembeni.

"Sasa mwaga hayo maji. Osha siagi na maji baridi ya kuchemshwa, mpaka maji itoke safi. Hayo meupe yakibaki, siagi inachacha haraka."

Waliiosha, wakaikanda kwa mwiko kuondoa maji yote. Magdaline akaongeza chumvi kidogo. Kisha akatia asali kidogo kidogo, kijiko kimoja kwa vijiko vitatu vya siagi, huku Sadia akikoroga. Safari hii siagi na asali hazikugombana. Siagi ilikuwa laini, ya rangi ya dhahabu.

"Weka kwa chombo safi yenye kifuniko. Kwa hii joto yetu, tengeneza kidogo, mmalize haraka. Na mtu achote na kijiko kikavu."

Sadia alionja, akafumba macho.

"Mama Kui, Mungu akubariki. Leo Abdikadir ataonja kitu!"

Magdaline aliweka mwiko chini.

"Nani ataonja?"

"Mtoto. Kidogo tu, kwa kidole."

"Hapana, Mama Waqo. Asali si ya mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja. Hata kidogo hivyo."

"Waqo alionjeshwa! Si huyo anachunga ng'ombe Kipsing, mzima kama fahali?"

"Mungu alimlinda. Si kila mtoto anaugua. Lakini asali inaweza kuwa na mbegu ya kijidudu. Mimi na wewe tumbo letu inaiweza. Ya mtoto haiwezi. Inatoa sumu, mtoto analegea. Anashindwa kunyonya. Anashindwa hata kupumua."

Sadia aliisogeza asali mbali. Alimtazama Abdikadir.

"Nikiichemsha asali?"

"Hata ukichemsha. Hiyo mbegu haifi kwa jiko ya nyumbani."

"Na mimi nikila?" aliuliza Ikra kwa hofu.

"Wewe kula ushibe. Haipiti kwa maziwa yako. Mtoto mpe titi peke yake miezi sita, hata maji usimpe."

Sadia aliketi kwenye kigoda, machozi yakimtoka. "Kama asali ingeshika jana, nisingekuita," alisema. "Ningemlambisha kwa mkono wangu. Asante, Mama Kui. Sijui nikulipe nini."

"Nilipe mkate moja na hiyo siagi," alisema Magdaline.

Mchana wageni walijaa. Walikula, wakasifu. Amran alifika kutoka Kinna, akamchukua mtoto, akachovya kidole kwenye siagi. Wageni wakageuka kutazama.

Wifi mkubwa hakatazwi hovyo. Sadia alijua hivyo. Hata hivyo alisimama, akaushika mkono wake.

"Si leo, wifi."

"Unaninyima mjukuu wa ndugu yangu?"

"Sikunyimi. Nataka akue akujue."

Akaeleza yote. Wanawake wawili wenye watoto wachanga walisogea karibu kusikia. Amran alikitazama kidole chake kwa muda. Kisha akakipangusa kwenye kipande cha mkate, akamlisha Ikra.

"Basi ale mama yake," alisema. "Mimi nitangoja."

Akangoja kweli. Mwaka ulipopita, na Abdikadir akawa anatembea akishika ukuta, Amran alirudi na asali. Sadia alitengeneza siagi, akamwita Magdaline. Amran akachovya kidole, akakipeleka kinywani mwa mtoto.

Abdikadir alilamba. Akapenda. Kisha akauma kwa meno yake yote mapya, asiachie. Amran akapiga ukelele, nyumba nzima ikacheka, na Sadia akacheka mpaka akalia.