Mkono Umebaki

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Siku nyingine zote kijana wetu alikuwa mtumishi wa Mungu. Jumatatu alikuwa dobi. Aliinama nyuma ya chumba walichopanga yeye na mwenzake, akasugua mashati meupe kwa sabuni ya mche, kola kwanza, mikono baadaye, kama nilivyomfundisha mimi mama yake mdogo kabla hajasafiri. Haya yote alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, jikoni kwangu. Sehemu ya mwisho tu ndiyo hakuhitaji kunisimulia.

Alikuwa na miaka ishirini. Wamormoni wana utaratibu wa kuwatuma vijana wao mbali kwa miaka miwili kuhubiri, wawili wawili, na kila mmoja huitwa Mzee. Mtoto hajaota ndevu anaitwa Mzee, na kibao cheusi kimebandikwa kifuani asije mtu akabisha. Nyumbani tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Baba yake, ambaye hasali popote, alimwambia mlangoni: "Miaka miwili ya kugonga milango ya watu. Ukirudi uniambie umempata nani." Kijana aliondoka na maneno hayo, na nadhani yalikuwa mazito kuliko begi.

Kisiwa walichompeleka kilikuwa mbali kiasi kwamba meli ilifika mara moja kwa wiki mbili, na ikichelewa hakuna aliyeshangaa. Mwenzake alikuwa mpole, mwembamba, mrefu wa kuinama kila mlangoni. Watu wakamwita Mrefu. Sheria yao kuu ilikuwa wasiachane. Kila mmoja awe anamwona mwenzake na kumsikia, tangu wanapoamka hadi wanapolala. Jaribu kuishi hivyo na mtu anayetafuna kalamu.

Miezi minane waligonga. "Mwenye nyumba hayupo," alisema mwenye nyumba mwenyewe, amevaa kaptula, mswaki ukiwa mdomoni. Mwingine aliwasikiliza saa nzima kwa heshima zote, kisha akawauliza kama wanaweza kumtengenezea redio. Wakikaribishwa, walikaribishwa chai, na dini yao haiwaruhusu chai wala kahawa, basi wakaomba maji ya moto. Mama mmoja aliwauliza kwa huruma kama ni matumbo.

Waumini wenyewe walikuwa watano, wakikutana kwenye chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Kila Jumapili jioni kijana wetu alipanda juu ya mwamba nyuma ya shule, mahali pekee penye mtandao, akanyoosha simu juu na kutuma ripoti kwa kiongozi wao upande wa bara. Waliobatizwa wiki hii: hakuna. Wiki iliyofuata: hakuna. Alifikia kulichukia neno lenyewe. Alikuwa amechoka, tena ana hasira, na hasira hiyo hakujua amwelekezee nani, maana bosi wake alikuwa Mungu.

Ndipo akaja Kamba.

Kamba alikuwa mtu wa miaka kama sitini, na kazi yake ilikuwa kudaka kamba zilizorushwa kutoka melini na kuzifunga kwenye nguzo za gati. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona miguu yake imelowa. Wimbi likirusha maji juu ya gati, Kamba aliruka kama paka, na vijana wa bandarini walimcheka. Huyu ndiye aliyekuja mwenyewe kubisha hodi kwao, mchana wa Alhamisi, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Nasikia nyinyi mnamzamisha mtu mzima mzima," alisema, "na akitoka, ya nyuma yameisha."

"Ndiyo, baba," kijana alijibu.

"Yote?"

"Yote."

Kamba akaangalia viganja vyake. "Na yule wa upande wa pili, naye anaambiwa kwamba yameisha?"

Kijana wetu alidhani anamsema shetani. Akajibu ndiyo, bila kusita.

Wiki sita za mafundisho zilikwenda kama mchezo. Kamba aliacha sigara ndani ya siku moja. Alikariri kila alichopewa. Kijana akaanza kulala vizuri, akaanza hata kuimba akifua. Kilichobaki kilikuwa mahojiano, kwa sababu hakuna anayebatizwa bila kuhojiwa na mtu mwingine, si yule aliyemfundisha. Kwa vile kiongozi alikuwa bara, walikubaliana yafanyike kwa simu. Kamba akapanda mwambani na simu, wao wawili wakamsubiri chini.

Aliteremka mapema mno. "Imekatika," alisema.

"Mmefika wapi?"

"Kaniuliza kama nimewahi kusababisha kifo cha mtu."

"Ukajibuje?"

"Sijajibu. Imekatika."

Hapo angeweza kumuuliza tena. Mrefu alimvuta kando akamnong'oneza, "Tusubiri kesho, apigiwe tena." Lakini kesho mtandao ungekuwepo? Kesho Kamba angekuwa bado anataka? Miezi minane ya "hakuna" ilimtosha. Akapanda mwambani mwenyewe, akanyoosha simu, akaandika: Amemaliza. Yote sawa. Ujumbe ukaenda mara moja, kwa simu ile ile ambayo kwa kawaida ilimtesa nusu saa.

Kamba alikuwa na ombi moja tu. "Hakuna pipa?" aliuliza. "Pipa kubwa. Mimi nitajikunja." Kijana alimweleza kwa upole kwamba pipa halitoshi, na kwamba kando ya gati kuna mchanga safi na maji ya kiunoni. Kamba akakubali shingo upande.

Jumamosi saa tatu asubuhi jua lilikuwa kali na bahari imetulia. Watu walijaa gatini kutazama, wengine na vikombe vyao vya chai mkononi. Mashahidi wawili walisimama ukingoni: Mrefu, na nesi mstaafu, mmoja wa wale waumini watano, mama asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Kazi ya mashahidi ni kuhakikisha mwili wote umezama. Kikibaki kitu juu, kidole cha mguu, pindo la nguo, tendo linarudiwa tangu mwanzo.

Kijana alivaa shati lake jeupe. Kamba alivaa jeupe la kuazima. Alimshika kijana kifundo cha mkono wa kushoto kwa mkono wake wa kushoto, kama alivyofundishwa, na kwa wa kulia akabana pua. Kijana akasali, akamtaja kwa jina lake kamili, akamlaza majini na kumwinua.

"Mkono umebaki," alisema nesi.

Watu gatini wakacheka kidogo. Kijana naye akatabasamu, haya hutokea. Akasali tena, akamlaza tena, safari hii chini zaidi.

"Mkono."

"Baba, tulia," kijana alimwambia Kamba, na sauti yake ilianza kuwa na meno. "Ukinishika usiachie, ukibana pua usiachie. Basi."

"Sijaachia," alisema Kamba.

Mara ya tatu kijana aliangalia mwenyewe. Mkono wa kushoto wa Kamba ulikuwa kwenye kifundo chake, chini ya maji, umekaza. Wa kulia ulikuwa puani, chini ya maji. Na kando ya bega la Kamba, juu ya maji, ulisimama mkono. Kiganja kimefunguka. Vidole vimetanuka, vikisubiri. Haukuwa wake wala wa Kamba; ulikuwa mkono wa mvulana.

"Mkono umebaki," nesi alisema, na sasa hakuna aliyecheka.

Alimwinua Kamba haraka. Maji yalikuwa laini kila upande. Hapakuwa na kitu.

Kamba akashika bega la kijana. Akasogeza mdomo sikioni kwake. "Lile swali," alinong'ona. "Wewe ulijibu nini?"

"Nilisema yote sawa."

"Basi umejibu wewe."

"Baba, kuna nini?"

"Ni mdogo wangu. Mashua ilipinduka, mimi nimeshika nguzo hii hii ya gati, yeye kanishika mkono. Alikuwa mzito. Nilimbandua kidole kimoja kimoja. Nilianza na cha mwisho, nikamalizia na dole gumba."

Yule mtoto alipaswa kutoka majini. Nilimwambia hivyo na bado namwambia. Alipaswa kumshika yule mtu mkono, atembee naye mpaka mchangani, amkalishe, aanze upya kwa ukweli. Yeye mwenyewe anajua. Lakini watu walikuwa gatini wakitazama, na baba yake alikuwa mlangoni akimwuliza umempata nani, na miezi minane ilikuwa mgongoni. Anasema hakuogopa hata kidogo. Alikasirika. Alikasirika kama mtu anayefunga sanduku lililojaa na kuna nguo moja inatokeza.

"Bana pua kwa mikono yote miwili," alimwamuru Kamba.

Akasali kwa haraka. Akamlaza.

Mkono ukatoka.

Kwa mkono wake wa kushoto, uliokuwa sasa huru, akaushika. Ulikuwa na uvuguvugu. Akausukuma chini. Haukubisha. Ulishuka tu, na ulipokuwa chini kabisa, kidole kimoja, kile kidogo cha mwisho, kikajikunja taratibu kwenye kifundo chake.

"Sawa," nesi alisema kutoka ukingoni. "Hakuna kilichobaki."

Ripoti ya Jumapili ilisomeka: mmoja. Kiongozi alijibu kwa pongezi ndefu. Kijana aliisoma mara mbili mwambani, na haikumpa raha aliyoitarajia.

Akiteremka alimwona Kamba ameketi ukingoni mwa gati, miguu yote miwili imening'inia majini mpaka magotini, anaichezesha kama mtoto.

"Ameniachia," alisema Kamba. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nimelala jana kama mtu." Kisha, bila kumtazama, akasema kwa sauti ya chini: "Huo mkono wa kushoto unakusumbua?"

"Hapana."

"Pole, mwanangu. Uliharakisha."

Jumatatu akafua. Mashati yote yalikauka kabla ya adhuhuri, isipokuwa lile la ubatizo, ambalo lilibaki na doa moja la maji kwenye mkono wa kushoto, juu ya kifungo, dogo kama ncha ya kidole. Akalikamua. Akaligeuza. Akaliacha juani siku tatu. Doa lilikuwa pale pale, na alipoligusa kwa ulimi lilikuwa na chumvi.

Kazi ya mhubiri ni kushika mikono ya watu, na tangu wiki hiyo kila aliyempa mkono alijifuta kwenye nguo. Walijifuta bila kujua, wakiendelea kuongea. Milango ambayo ilikuwa migumu ikawa haifunguki kabisa.

"Mimi niliuona mara ya kwanza kabisa," Mrefu alimwambia siku moja wakiwa wanakunja nguo. "Niliogopa kusema. Nilijua umechoka."

Alimwandikia kiongozi ukweli wote. Wakamhamisha, mahali pa ndani sana, milima na vumbi, safari ya siku mbili kutoka bahari yoyote. Huko doa la pili likatokea, kando ya la kwanza. Kuelekea mwisho wa miaka yake miwili, la tatu.

Alirudi nyumbani amekonda. Tulimpokea kwa vigelegele, dada yangu akalia. Baba yake alimtazama kutoka juu mpaka chini, akacheka, akampiga begani. "Haya, Mzee. Umempata nani?"

Kijana akavuta mkono wa kushoto wa shati lake mpaka kwenye vidole.

Sasa anakaa kwangu, maana hapa kwangu hakuna bomba la bafu; anaoga kwa kopo, kwa haraka, mkono wa kushoto ameuinua juu. Nilimwambia tulitupe hilo shati. Akanitazama kama nimependekeza kitu cha kipumbavu. "Mamdogo, nikilitupa nitajuaje amefika wapi?"

Jana nilianika nguo asubuhi, jua la kupasua mawe. Mchana nikazitoa, nikawasha pasi, nikaanza na lake ili nilimalize mapema. Madoa yalikuwa manne, yamepangana vizuri juu ya kifungo kama vidole: cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada. Nikayahesabu tena kwa sababu juzi yalikuwa matatu. Kisha nikaligeuza shati, upande wa ndani wa kifundo, pale ambapo dole gumba lingekaa kama mtu amekushika. Nikapagusa kwa kiganja. Pakavu kabisa. Nikamshukuru Mungu wa kila dini.

Nikapitisha pasi hapo taratibu, na pasi ikalia chiii, kama imepita penye maji.