Glasi ya Kigoda cha Mwisho

Kigoda cha mwisho kilikuwa na joto. Kezia alikuwa akifuta vigoda sita vya baa yake kabla ya kufungua, jioni ya mwezi wa saba, Kasulu ikiwa na baridi yake ile ya kiangazi. Vitano vilikuwa baridi. Cha sita, kile cha ukutani, kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akajiambia ni jiko la mkaa. Jiko lilikuwa upande wa pili, lakini mwenye haraka haulizi sana.

Miaka minne aliwapikia wahandisi wa Kijapani waliojenga barabara, na mkubwa wao alimsimulia kilabu cha kwao kiitwacho izakaya: watu wanakaa bega kwa bega mbele ya mpishi, wanaletewa visahani vidogo vidogo, wanakunywa taratibu na kupiga soga. Sasa Kezia alikuwa na ya kwake, njia ya kwenda Heru Juu, na taa nyekundu ya karatasi mlangoni. Mishikaki ya kuku, dagaa wa kukaanga, maharage mabichi yaliyochemshwa na maganda yake kwa chumvi. Majirani waliyacheka sana maharage yale, kisha wakaja kuyala.

Sheria ya mahali pale ilikuwa moja: hakuna anayejimiminia. Unammiminia wa kando yako, naye anakumiminia wewe.

Mumewe, Niyubahwe, aliipenda sheria hiyo kupita kiasi. Alikaa kigoda cha tano, na bia ilipomkolea akachukua glasi safi, akaijaza, akaisogeza mbele ya kigoda cha sita kilichokuwa kitupu.

"Na jirani yangu anywe," akasema. Watu wakacheka.

Mama yake, Jeanne, aliyevuka mpaka wa Mabamba kutoka Burundi akiwa msichana mkimbizi, hakucheka. Aliacha kumenya vitunguu.

"Umeionja?"

"Nini, Mama?"

"Hiyo bia. Umeionja kabla ya kuitoa?"

Warundi na Waha katika hili ni wamoja: anayetoa pombe huonja kwanza, ili mgeni ajue haina sumu. Niyubahwe aliijua mila hiyo tangu akinyonya, ila Ujapani ulikuwa umempanda kichwani.

"Ya Wajapani haionjwi, Mama."

"Isiyoonjwa siyo ya watu," Jeanne akasema kwa sauti ndogo.

Ndipo Kezia alipoiona glasi ya kigoda cha sita. Ilikuwa imefika nusu. Harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo, ikapanda juu ya moshi wa kuku, na Evaristi, dereva wa bodaboda ambaye hajawahi kuacha nyama, akaweka mshikaki wake chini akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Vigoda vikabaki vitupu, isipokuwa cha Niyubahwe, na glasi yake, aliyokwisha kuimaliza, ikaanza kujaa yenyewe kutoka chini, polepole, mpaka povu likagusa ukingo.

"Nimemiminiwa," akanong'ona. Machozi yalikuwa yakimtoka. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye glasi.

"Usinywe, mwana wanje. Ukinywa hiyo utamfuata kwao." Jeanne hakumsogelea. "Chukua ile uliyompa. Uionje sasa. Ikishaonjwa ni bia ya watu, hana haki nayo. Lakini aonje aliyemimina, siyo mwingine."

"Mkono haunisikii, Mama."

Umeme ukakatika. Katika giza lile Kezia alisikia kigoda cha sita kikilia kama kimekaliwa na mtu mzito anayejigeuza, akasikia kucha zikiburuzwa mezani, akasikia pumzi ya mumewe ikiwa fupi na ya mwingine ikiwa ndefu, ndefu kuliko kifua cha binadamu, na akajua kwamba akisubiri mkono wa Niyubahwe utii basi asubuhi atakuwa mjane, kwa hiyo akapapasa juu ya meza, akavuka kitu baridi chenye manyoya, akaikamata glasi ya mgeni na kuipiga funda moja.

Taa zikawaka. Kigoda cha sita kilikuwa kitupu. Glasi ya Niyubahwe ilikuwa kavu, naye alikuwa amelalia meza, anapumua vizuri.

"Umeionja, mwanangu," Jeanne akasema, akimshika kichwa. "Umefanya vema."

Kezia alimwacha aamini hivyo. Angesema kweli, mama mkwe angemrudisha mwanawe kwenye kigoda kile aonje mwenyewe, na Kezia hakuwa tayari kumpeleka tena. Aliogopa, na alimpenda.

Asubuhi, nyumbani, Niyubahwe alikoroma kama zamani. Kezia alijimiminia chai nusu kikombe, akaenda kupuliza moto. Aliporudi kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Chai haikutoa mvuke. Ilinuka udongo mbichi. Akaweka kiganja kwenye kiti cha kando yake, na kilikuwa na joto.

Jeanne alikuwa amesimama mlangoni. "Mukazana," akamwita, kwa Kirundi cha kumwita mke wa mwana. "Jana alionja Niyubahwe mwenyewe, siyo?"

"Ego, Mama. Ni yeye."

Jeanne akashusha pumzi, akaenda zake uani. Kezia alitaka kuinuka amfuate, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa tayari unakwenda kwenye kikombe.