Sanduku la Baridi la Kétsia

Saa nne asubuhi, mvua ikinyesha Mweso, dereva Mumbere aliwasha gari la kliniki akaenda kuchukua sanduku la baridi. Halikuwepo.

Ndani yake mlikuwa na vipande vya ovari ya Kétsia, msichana wa miaka kumi na mitano, alivyotolewa alfajiri hiyo. Dawa za saratani zingeweza kumwondolea uzazi. Vipande vilipaswa kufika siku hiyohiyo kwenye maabara ng'ambo ya mpaka, vigandishwe, vimngoje apone. Na barabara ya Sake, iliyofungwa na vita, ilikuwa imefunguliwa kwa siku hiyo tu.

"Bila ile sanduku, dawa sitaki," Kétsia alimwambia Daktari Léonard, akageukia ukuta.

Kliniki ikamwita Inspekta Kaswera wa polisi, mwanamke wa Butembo asiyejua haraka hata nyumba ikiungua. Alianza na Mumbere, maana kila mtu alimnyooshea kidole: dereva yule aliiogopa barabara.

"Naogopa, njo," Mumbere alikubali. "Lakini kama ningetaka kubakia, ningesema gari imekufa. Nani angebisha?"

Kaswera alicheka. Hoja ilikuwa nzuri, akamwacha.

Nzabonimpa, mlinzi wa mlango pekee, aliapa kwamba alipekua kila aliyetoka.

"Kila muntu?"

"Kila muntu, Mama Inspecteur. Mama moya tu nilimuacha, alikuwa na mutoto ku mugongo. Alimufunika na kitenge sababu ya mvua, mpaka ku kichwa yake mwenyewe."

"Miguu ya mutoto uliiona?"

Mtoto wa mgongoni, umfunike utakavyo, miguu yake hutokeza kiunoni mwa mama.

"Hapana," mlinzi alisema taratibu.

Basi mtoto alikuwa sanduku. Mwizi wa kawaida angelitupa juu ya ua na kulifuata nje, Kaswera aliwaza. Huyu hakutaka litikisike; alijali kilichomo, kama ndugu wa mgonjwa. Akaenda moja kwa moja chumba cha wanawake, Mumbere na daktari wakimfuata. Bibi yake Kétsia, Mama Emérence wa Kingi, alikuwa kitandani pa mjukuu wake akisali rozari.

"Mama, leo ulitoka inje?"

"Sikutoka."

"Na kitenge yako, ililowana na nini?"

Kilikuwa kimeanikwa dirishani, kikichuruzika maji. Emérence aliweka rozari chini.

"Batoto yangu, vita iliwatawanya. Moya iko Walikale, wengine sijue hata kama bako wazima. Sasa munabeba na batoto ya Kétsia mbele ya kuzaliwa? Mwanamuke mwengine atawazala, bataitwa majina ya kwabo."

"Ulitaka kuvizika?"

"Tunazika chenye kilikufa. Daktari alisema hii iko muzima. Niliiweka kwa Gentille, mutoto wa dada yangu, nyuma ya kanisa. Sikufungua."

Mumbere alitoka mbio. Léonard alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amemweleza Kétsia kila kitu, lakini hakumweleza bibi; alimpa kiti tu. Sasa alichuchumaa mbele yake. "Mama, mule hamuna batoto. Ni mbegu ya Kétsia. Itarudi mu mwili wa Kétsia, ya mwengine hapana."

"Koko, ungeniuliza mimi," Kétsia alisema. Bibi akalia, na mjukuu akamshika mkono.

Mumbere alirudi na sanduku. Léonard alitazama kipimajoto cha kifuniko, akashusha pumzi kwa sauti: baridi ilikuwa ileile. Chumba kizima kikapumua naye.

"Sheria inaniambia nikufunge," Kaswera alimwambia Emérence. "Mi nakuambia panda gari. Uipeleke mwenyewe, uone kwenye inalala."

Mchana huo Kétsia hakula. Jioni simu ya daktari ililia, akamwekea sikioni.

"Tumefika," sauti ya Emérence ilisema. "Sikutoka pale mpaka wakaandika jina yako juu yake, kisha nikaomba banisomee. Njo ya kwako, mutoto wangu."

Kétsia alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akamnyooshea daktari mkono wake kwa sindano ya dawa.