Kisu Kilichobaki na Grisi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nesta alipita kwenye kitalu cha shangazi yake akiwa na ndoo ya maji na kopo lililotobolewa matundu. Kitalu kilikuwa nyuma ya nyumba yao huko Hasamba, chini ya kichanja cha nyasi. Miche ya parachichi ilipangwa kwenye viriba vyeusi, safu baada ya safu. Nesta alianza kumwagilia safu ya mlangoni na kumalizia ile iliyoegemea uzio wa matete. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa akiijua miche hiyo karibu kama alivyowajua wenzake darasani.

Shangazi Felista alikuwa akibebesha miche. Alikata kijiti kutoka kwenye mparachichi unaozaa vizuri, kijiti ambacho watu wa kazi hiyo hukiita kikonyo, akakichonga pande mbili, akapasua mche mchanga, akakichomeka humo na kufunga kwa utepe wa nailoni. Kikonyo kikishikana na mche, mti huo huja kuzaa kama ule uliokatwa kikonyo. Kisiposhikana, hukauka. Watu wa vijiji vya jirani walimwita mara kwa mara, kwa hiyo kisu chake hakikukaa jikoni. Kilikaa mfukoni mwa aproni, siku zote.

"Msimu huu nitakuachia safu ya uzio," Shangazi alimwambia jioni moja. "Safu nzima uibebeshe wewe."

Nesta aliacha kopo likammwagikia miguuni. "Kweli, Shangazi?"

"Kweli. Lakini hatuwezi kugombania kisu kimoja. Jumamosi tukienda Tunduma utachagua cha kwako, cha kukunja, utembee nacho shambani. Utakichagua mwenyewe, maana mkono utakaokishika ni wako."

"Na nikikosea?"

"Vikonyo vitatuambia. Ukinipotezea vikonyo, mwanangu, utasubiri msimu mwingine."

Jumamosi hiyo, Tunduma ilikuwa kama kawaida yake. Malori yalipanga foleni kuelekea mpakani, na wabadilisha fedha walipita katikati wakiita wateja. Shangazi alibaki stendi akikabidhi miche kwa mteja wake. Alimpa Nesta pesa ya kisu na kumwonyesha meza ya Gibson, mfanyabiashara kutoka Nakonde, ng'ambo ya pili ya mpaka.

Meza ya Gibson ilijaa kufuli, tochi, tupa na mikasi. "Karibu, mukwai," alisema. Hilo ni neno la heshima la Kibemba, na Gibson aliwapa wote, wakubwa kwa wadogo.

"Nataka kisu cha kukunja."

Gibson aliweka visu viwili mbele yake. Cha kwanza kilikuwa na mpini mwekundu unaong'aa, na ndani yake kulikuwa na kimkasi na kifungulio cha chupa. Cha pili kilikuwa na mpini wa mti wa kahawia na ubapa mmoja tu wa chuma. Shingoni kilivishwa pete, kama kidole kilichofungwa bendeji. Nesta aliinamia makali yake. Upande mmoja ulikuwa umenolewa. Upande wa pili ulikuwa bapa kabisa, kana kwamba fundi alichoka katikati ya kazi.

"Kipi kizuri?" aliuliza.

"Cha kufanyia nini?"

"Kubebesha miche."

Gibson alikuna kidevu. "Hapo umenishinda. Mimi muuzaji, si mkulima."

Nesta alimtazama kwa makini. Hakuwahi kuona muuzaji asiyesifu bidhaa zake. Wote aliowajua walikuwa na la kusema, hata kama ni uongo. Huyu alikuwa anaficha nini?

"Kwa nini hiki kimenolewa upande mmoja?"

"Vyote vya aina hiyo vimekuja hivyo."

"Na hii pete ni ya nini? Kilivunjika kikafungwa?"

"Hapana, kilikuja nayo."

"Kuna mtu aliyekinunua akakirudisha?"

"Eh, mama! Wewe ni askari wa forodha?" Gibson alicheka, na muuza viatu wa meza ya pili naye akacheka. "Sikia. Bei yake ni moja. Lipia kimoja, ondoka na vyote viwili. Kavijaribuni huko kwenye miche yenu. Jumamosi ijayo niletee usichokitaka."

"Bila kuacha rehani yoyote?"

"Bila."

"Lakini hata jina langu hulijui."

"Litaje basi."

"Nesta."

"Haya, sasa nalijua." Akakifunga kila kisu kwenye kipande cha gazeti, akakizungushia mpira.

Kwenye gari la kurudi, Shangazi aliketi mbele na dereva. Nesta aliketi nyuma na Lusajo, mtoto wa Shangazi, aliyesoma kidato cha pili na kujiona anayafahamu mambo yote ya mjini. Nesta alipomsimulia, Lusajo alipiga makofi.

"Umepigwa, dada! Yaani umepigwa mchana kweupe!"

"Nimepigwaje, na nimelipia kimoja tu?"

"Ndiyo mtego wenyewe. Mtu wa mpakani akupe kitu bure? Jumamosi atakishika hivi, atakigeuza hivi, atasema, 'Aa, mukwai, umekikwaruza.' Mama atalipa viwili. Na wewe safu yako ya uzio utaisikia redioni."

Nesta alivipapasa visu ndani ya gazeti. Kile alichokuwa akikihisi tangu mezani sasa kilipata maneno. Ndiyo maana Gibson hakusifu kisu hata kimoja. Ndiyo maana alicheka.

"Nifanye nini?"

"Chagua kimoja, kingine usikiguse kabisa. Mrudishie na mpira wake."

Shauri hilo lilimwingia. Usiku ule Nesta alikiweka kisu cha kahawia juu ya kabati, ndani ya gazeti lake, bila kukifungua. Kile chenye pete na makali ya upande mmoja ndicho alichokishuku zaidi, basi ndicho kitakachorudi. Alikitia chekundu mfukoni.

Vikonyo vilifika katikati ya wiki kutoka Isongole, vimefungwa kwenye gunia lenye unyevu. Shangazi alivipapasa kimoja kimoja. "Ni vizuri, ila havitangoja. Nesta, umevijaribu visu vyote viwili?"

"Ndiyo, Shangazi."

Neno lilitoka kirahisi mno, na Nesta mwenyewe alishangaa.

"Na umechagua kipi?"

"Chekundu."

"Haya. Anza safu yako."

Nesta alikaa kwenye kigoda mbele ya safu ya uzio. Alichonga kikonyo cha kwanza. Kisu kilikwenda kwa mawimbi, kikaacha vibonde vidogo kwenye mti. Akachonga tena kusawazisha, na kikonyo kikapungua. Alikichomeka hivyo hivyo, akafunga. Cha pili kikawa vilevile. Huyu Gibson ameniuzia kisu butu, aliwaza kwa hasira. Alipokuwa akipasua mche wa tatu alikandamiza kwa nguvu, ubapa ukacheza kwenye kiungo chake, kisha ukajikunja ghafla.

"Yalaa!"

Shangazi alifika mbio. Kisu kilikuwa kimemchuna Nesta pembeni mwa kidole cha shahada. Halikuwa jeraha la kina. Shangazi alikiosha kidole kwa maji safi na sabuni, akakifunga kwa kitambaa kisafi. Kisha alichuchumaa mbele ya ile miche miwili, akalegeza utepe na kuinua mche mmoja usawa wa macho yake, jua likiwa upande wa pili.

"Njoo uone."

Kati ya kikonyo na mche palikuwa na upenyo. Mwanga ulipita.

"Mwanga ukipita, hewa inapita. Hiki kitakauka," alisema Shangazi. "Kile kisu kingine kilikuwa na ubaya gani?"

"Ni kibaya zaidi, Shangazi. Na yule Gibson anatutega. Lusajo anajua. Tukirudisha atasema—"

"Kilete."

Nesta alikwenda kabatini akakileta. Shangazi alivua mpira, akafungua gazeti, akakunjua kisu. Alipitisha kidole gumba juu ya ubapa. Kidole kilirudi kikiwa na mafuta mazito ya manjano. Ilikuwa grisi ya kiwandani, ambayo kikonyo kimoja tu kingetosha kuifuta.

"Nesta. Kisu hiki umekijaribu lini?"

Kuku alipita kati yao akidonoa maganda ya vijiti. Nesta alitazama chini.

"Sijakijaribu. Niliogopa kukitumia, Gibson asije akasema tumekiharibu. Nikakuambia nimekijaribu."

Alingoja kusikia kwamba safu ya uzio si yake tena. Shangazi hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alifuta grisi kwa kitambaa, taratibu, kutoka mpinini hadi nchani.

"Hata mimi sijawahi kushika kisu kilichonolewa upande mmoja," alisema mwishowe. "Sijui kama ni kizuri. Wewe hujui. Lusajo naye hajui, ingawa hawezi kulala bila kujua kitu. Basi tukiulize chenyewe."

Lusajo, aliyekuwa akisikiliza dirishani, alijitoa taratibu.

Hawakugusa vikonyo vya Isongole. Shangazi alikata machipukizi ya mparachichi mkuukuu, yale yasiyo na kazi, akayagawa mafungu mawili sawa. Nesta alichonga fungu moja kwa kisu chekundu na la pili kwa kisu cha kahawia. Ule upande bapa ulilala juu ya mti kama rula, na kisu kikapita mara moja bila wimbi. Waligandanisha vijiti viwili viwili na kuviinua juani. Katika vijiti vya kisu chekundu mwanga ulipita. Katika vya kahawia, haukupita.

Kisha Shangazi alikandamiza mgongo wa kila kisu kwenye gogo. Chekundu kilijikunja tena. Cha kahawia nacho kilitaka kujikunja, mpaka Nesta alipoizungusha ile pete shingoni. Ikabana. Shangazi alikandamiza kwa uzito wake wote na ubapa haukusogea.

"Kumbe si bendeji," Nesta alinong'ona. "Ni komeo."

"Sasa fungua ile miche miwili, uchonge upya kwa vikonyo vingine. Safu bado ni yako. Lakini Jumamosi utakirudisha kisu hicho wewe, na utasema wewe."

Nesta alibebesha safu nzima, jioni mbili mfululizo baada ya shule. Usiku wa kuamkia safari alikitazama kisu chekundu kwenye taa. Utomvu wa parachichi ulikuwa umeacha doa jeusi kwenye ubapa. Alisugua kwa majivu, likafifia tu. Angeweza kukirudisha kikiwa kimekunjwa. Angeweza kusema kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nani angebisha?

Mezani, Gibson alikipokea, akakikunjua, akakigeuza upande huu na upande ule, kama vile Lusajo alivyosema. Shangazi alisimama nyuma ya Nesta.

"Kina doa," alisema Gibson.

"Ni langu," alisema Nesta, haraka, kabla woga haujamshika. "Nilikitumia kwenye vikonyo. Nimesugua, halikutoka. Kama kuna cha kulipa, tuambie."

Gibson alimtazama. "Kulipa? Nilisema kavijaribuni. Nilidhani ungerudi na utomvu kwenye vyote viwili. Niambie, kwa nini umekirudisha hiki?"

Nesta alishusha pumzi. Alimweleza habari ya mwanga, ya upande bapa, ya pete. Alimwonyesha kidole chake. Gibson alizungusha pete ya kisu kingine kilichokuwa mezani, mbele na nyuma, macho yakimtoka.

"Natotela, mukwai! Ahsante sana. Wakulima wananirudishia hivi vyekundu, hawasemi kwa nini. Wananitukana tu, wanaondoka. Na hivi vya kahawia hakuna anayevitaka, kwa sababu vinaonekana havikumalizika."

"Kwa hiyo kweli ulikuwa hujui?"

"Ningejua, si ningekuambia?"

"Na kwa nini uliniamini mimi?"

"Uliuliza maswali kuliko watu wazima wote wa wiki ile. Nikasema, huyu atakijaribu kisu mpaka kiseme chenyewe."

Nesta aliona haya kuliko kama angetukanwa. "Hiki cha kahawia nilikificha siku nyingi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani unanitega."

Gibson alicheka mpaka muuza viatu akageuka. Kisha akavisogeza visu vya kahawia mbele ya meza na vyekundu nyuma, karibu na vifungulio vya chupa.

Wakielekea stendi, Nesta aliuliza, "Shangazi, nilikosea kumshuku?"

Shangazi Felista alimshika mkono, wakapita kati ya malori. "Kuuliza maswali hukukosea. Kitu usichokijua, kishuku, na mtu usiyemjua, muulize. Lakini shaka ina kazi yake, nayo ni kukufanya uchunguze. Wewe uliifunga kwenye gazeti ukaiweka kabatini, ukanidanganya kwamba umeshachunguza. Ukamhukumu mtu kwa jambo ambalo hajalifanya, na vikonyo vyangu vikakaribia kufa. Siku nyingine ukishuku, jaribu. Ukiwa hujajaribu, sema hujajaribu. Sitakukasirikia kwa hilo."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na kisu cha kazi hakiingii shuleni. Kikunjwe, pete ibane, kikae nyumbani mpaka urudi."

Vikonyo vya safu ya uzio vilitoa vichipukizi vyekundu mvua zilipoanza. Siku hiyo Lusajo alisimama karibu, akasema vile viwili vya mwanzo, alivyovibebesha Nesta mara ya pili, anaona kama vitakauka.

Nesta alimpa kopo la maji. "Umevikagua?"

"Bado."

"Basi inama uvikague."